Dawa za Kusisimua Misuli kwa Mwanamichezo Majeruhi: Tiba Inaishia Wapi?

Wiki chache baada ya upasuaji wa ligamenti ya goti, yaani ule ukanda unaofunga mfupa na mfupa, mwanamichezo hulala chali kitandani na mtaalamu wa viungo humpima mapaja yote mawili kwa utepe, sentimita kadhaa juu ya pia ya goti. Paja la mguu uliopasuliwa limenywea, na hata bila utepe jicho linaliona hilo. Anapoambiwa aukaze msuli na kuuinua mguu ukiwa umenyooka, msuli unatetemeka, jasho linamtoka usoni, na kisigino hakibanduki kitandani. Muda mfupi tu uliopita mguu huo huo ulikuwa ukimpatia riziki. Aliyewahi kumwona mwanamichezo katika hali hiyo hawezi kulipuuza swali ambalo limeulizwa kwa miaka mingi: ikiwa ipo homoni inayoweza kuulinda msuli usidhoofike, kwa nini anyimwe, wakati mgonjwa mwenye goti kama lake, lakini asiyeshiriki mashindano, hazuiwi na kanuni yoyote ya michezo kuijaribu chini ya daktari wake?

Hoja ya wanaotaka ruhusa inastahili kuelezwa kwa nguvu zake zote, kwa sababu wengi wanaoitoa hawana nia ya udanganyifu. Wanasema kuna tofauti kubwa kati ya mkimbiaji mzima anayejidunga sindano ili ampite mwenzake na mkimbiaji aliyeumia anayetaka kurudi pale alipokuwa. Wa kwanza anatafuta kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Wa pili anadai kilicho chake. Upasuaji wenyewe, wanaongeza, si jambo la maumbile: daktari huchukua kipande cha kano kutoka sehemu nyingine ya mwili, akakipachika gotini mahali pa ligamenti iliyokatika, na hakuna anayesema kwamba mchezaji huyo ametenda hila. Kama kisu kinaruhusiwa, sindano ina kosa gani?

Mfano unaotajwa sana ni wa Andy Pettitte, mrushaji wa besiboli wa New York Yankees. Alipotajwa katika ripoti ya seneta wa zamani wa Marekani, George Mitchell, kuhusu dawa zilizokatazwa katika besiboli, mnamo Desemba 2007, alikiri kwamba mwaka 2002, akiwa nje ya uwanja kwa jeraha la kiwiko, alitumia homoni ya ukuaji, ambayo wakati huo ligi yake ilikuwa bado haijaipiga marufuku. Alieleza kwamba alikuwa amesikia homoni hiyo huharakisha kupona, na kwamba alijiona ana wajibu wa kurudi mapema kuisaidia timu yake. Mapema mwaka 2008 alikiri kwamba aliitumia tena mwaka 2004. Watu wengi walimwelewa, na mimi pia naona kwamba kosa la mtu anayetaka kupona ni jepesi kuliko la anayetaka kushinda kwa hila. Hata hivyo neno lake hilo, wajibu, lina uzito kuliko utetezi wote uliofuata, nami nitalirudia.

Kwa upande wa sayansi, ushahidi upo lakini ni mdogo. Chuo Kikuu cha Michigan kilifanya jaribio lililofadhiliwa na Mark Cuban, ambaye wakati huo alikuwa mmiliki wa timu ya mpira wa kikapu ya Dallas Mavericks na aliyekuwa akilalamika kwamba homoni ya ukuaji imepigwa marufuku bila mtu kuchunguza kama ingewafaa majeruhi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Wanaume 19 waliofanyiwa upasuaji wa ligamenti ya goti waligawanywa, wengine wakapewa homoni hiyo kwa wiki sita na wengine dawa ya kulinganishia isiyo na homoni yoyote ndani yake. Waliopata homoni walihifadhi vizuri zaidi nguvu za kunyoosha goti, ingawa ukubwa wa msuli wenyewe haukutofautiana na wa wenzao. Watu 19 ni wachache mno kuweza kubeba uamuzi wa dunia nzima ya michezo. Lakini malalamiko ya Cuban yana haki ndani yake: marufuku isiyoambatana na utafiti humwacha majeruhi abahatishe, na anayebahatisha huangukia mikononi mwa wauza dawa wasiojulikana, wenye vichupa visivyo na maandishi ya kuaminika.

Ni vyema kukumbuka kwamba kanuni za sasa hazijamfungia majeruhi milango yote. Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, WADA, lililoanzishwa mwaka 1999, huiingiza dawa katika orodha yake inapotimiza angalau mambo mawili kati ya matatu: inaweza kuongeza uwezo wa kushindana, inaweza kudhuru afya, au inakiuka moyo wa michezo. Mwanamichezo mgonjwa anaweza kuomba kibali cha matibabu, mradi athibitishe kwamba ana maradhi yaliyopimwa na daktari, kwamba hakuna tiba nyingine inayofaa ambayo imeruhusiwa, kwamba haja yake haikuletwa na matumizi ya awali ya dawa iliyokatazwa, na kwamba dawa hiyo haitampandisha kupita hali yake ya kawaida ya afya.

Ugumu wote umejificha katika sharti hilo la mwisho. Mtoto ambaye mwili wake hautoi homoni ya ukuaji ya kutosha, kama alivyokuwa Lionel Messi kabla hajawa maarufu, ana upungufu unaopimika, na tiba yake inajulikana inamfikisha wapi. Mchezaji wa miaka 34 aliyechanika msuli hana upungufu wa namna hiyo. Hali yake ya kawaida ni ipi? Ni ile ya siku moja kabla ya kuumia, wakati pengine alikuwa tayari amechoka na kuanza kuporomoka, au ni ile ya miaka mitano nyuma alipokuwa kileleni? Hakuna kipimo cha damu kitakachojibu, na daktari anayeandika kibali atalazimika kukisia, huku mgonjwa, klabu na wakala wote wakitamani akisie juu.

Mstari kati ya tiba na nyongeza umewahi kuhamishwa, na hilo si aibu. Mwaka 2010 WADA ilikataza kudunga kwenye misuli plazma, yaani majimaji ya damu, ya mgonjwa mwenyewe iliyokolezwa chembe za kugandisha damu. Mwaka uliofuata marufuku hiyo ikaondolewa kwa sababu hapakuwa na ushahidi kwamba inampa mtu kitu zaidi ya kupona. Mwelekeo ulikuwa tofauti kwa glukokotikoidi, dawa za kutuliza uvimbe ambazo madaktari huzidunga kwenye viungo na kano zilizoumia. Tangu tarehe 1 Januari 2022 sindano zake zote zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, lakini si nje ya mashindano, na WADA imetoa idadi ya siku za kusubiri: triamsinoloni, mojawapo ya dawa hizo, ikidungwa ndani ya kiungo ni siku 10, ikidungwa kwenye msuli ni siku 60. Naona busara kubwa katika utaratibu huu. Mwanamichezo anatibiwa kama binadamu mwingine yeyote, kisha anasubiri nje mpaka dawa iishe mwilini, ndipo anarudi kushindana.

Basi kwa nini utaratibu huo huo usitumike kwa testosteroni, homoni ya kiume, na steroidi nyingine za kujenga misuli? Hili lilikuwa ndilo pendekezo lililonivutia zaidi, na ndilo lililonishinda nilipolitazama kwa makini. Kusubiri kuna maana pale tu ambapo faida ya dawa huondoka pamoja na dawa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, akiwemo Kristian Gundersen, walieleza jinsi walivyowapa panya testosteroni kwa siku 14 kisha wakaisitisha. Miezi mitatu baadaye, ambayo ni zaidi ya sehemu ya kumi ya maisha ya panya, misuli ilikuwa imesharudi katika ukubwa wake wa awali, lakini viini vya seli vilivyoongezeka ndani ya nyuzi za misuli vilikuwa bado vipo. Misuli hiyo ilipotwishwa mzigo upya, ilikua kwa asilimia 31 katika siku sita tu, huku ile ya panya ambao hawakupewa homoni ikiongezeka kidogo mno. Panya si binadamu, na ushahidi wa namna hiyo kwa watu haujakamilika. Lakini ikiwa mwili wetu unafanya kazi kwa mfano huo, aliyetumia steroidi kwa miezi miwili ya jeraha atarudi akiwa na faida ambayo haitaonekana katika mkojo wala damu, pengine kwa miaka. Jeraha lingegeuka kuwa tiketi, na daktari asiye mwaminifu hangekosa mteja mwenye maumivu yasiyothibitika.

Kuna jambo la pili linalosahauliwa na wanaosifu kasi. Msuli si kitu pekee kinachopona. Kipande cha kano kilichopachikwa gotini kinahitaji miezi kadhaa kushikamana na mfupa na kujigeuza kuwa ligamenti, na hakuna homoni iliyothibitishwa kuifupisha safari hiyo. Utafiti uliofanywa Delaware, Marekani, na Oslo, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia goti tena kwa takribani nusu. Sasa mfikirie mchezaji ambaye paja lake limejaa na kukaza katika mwezi wa tano kwa msaada wa sindano. Anajiona amepona, kocha anamwona amepona, na utepe wa mtaalamu wa viungo nao unasema amepona, ilhali ndani ya goti kazi bado haijakamilika. Nguvu ya msuli ule ndiyo itakayoikata ligamenti ile changa. Madaktari wamekwisha kuona jambo linalofanana na hilo kwa watumiaji wa muda mrefu wa steroidi, ambao kano zao hukatika mara nyingi zaidi kuliko za wenzao wanaonyanyua vyuma bila dawa.

Hapa ndipo ninapolirudia neno la Pettitte. Wanafalsafa wanaounga mkono ruhusa, Julian Savulescu akiwa mashuhuri miongoni mwao, hujenga hoja yao juu ya mtu mzima anayeamua kwa hiari, akisimamiwa na daktari. Lakini katika maisha yote ya mwanamichezo hakuna kipindi ambacho hiari yake ni finyu kuliko anapokuwa majeruhi. Mkataba unakaribia kuisha, nafasi yake imechukuliwa na kijana mwenye njaa ya kucheza, wenzake wanapigania taji, na kila siku anaulizwa atarudi lini. Dawa ikiruhusiwa, atakayeikataa ataonekana mvivu asiyejali timu, na ile iliyokuwa ruhusa itakuwa amri isiyoandikwa. Tumeshaliona hili kwa dawa za maumivu. Tramadoli ilitumika sana miongoni mwa waendesha baiskeli kabla chama chao cha kimataifa hakijaipiga marufuku mashindanoni mwaka 2019, na WADA ikafuata mwaka 2024.

Usimamizi wa daktari nao si ngao madhubuti kama inavyodaiwa. Paul Pogba, aliyegunduliwa na testosteroni mwaka 2023 baada ya msimu ulioharibiwa na majeraha, alifungiwa miaka minne, adhabu ambayo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliipunguza hadi miezi 18 baada ya kukubali kwamba hakukusudia na kwamba daktari mmoja wa Florida alimhakikishia kimakosa kuwa kirutubisho alichopewa ni salama. Hata mshindi wa marathoni ya wanawake ya Boston ya 2021 alivuliwa taji kwa triamsinoloni, na miongoni mwa makosa aliyohukumiwa nayo lilikuwamo la kuwasilisha hati bandia za hospitali. Kama karatasi za daktari zinaghushiwa wakati kibali kinatolewa kwa shida, mtu ajiulize zitakuwaje siku kitakapotolewa kwa wepesi.

Kwa hiyo msimamo wangu haulingani kwa dawa zote. Homoni ya ukuaji ningependa ifanyiwe majaribio makubwa, kwa wagonjwa ambao hawashindani, kwa fedha za mashirikisho ya michezo yenyewe na matokeo yakiwekwa hadharani. Ikithibitika kwamba inalinda nguvu za goti na kwamba faida yake huisha baada ya siku zinazohesabika, ihamishiwe katika kundi la glukokotikoidi, mwanamichezo aitumie nje ya mashindano na asubiri siku zake. Testosteroni na steroidi za kujenga misuli zibaki zilipo, mpaka atokee mtu wa kuonyesha kwamba kilichoonekana kwa panya wa Oslo hakitokei kwa binadamu. Na wakati hayo yanasubiriwa, mkataba wa kila mchezaji wa kulipwa umhakikishie mshahara hadi atakapopona kabisa, na uamuzi wa siku ya kurudi uwe mikononi mwa daktari asiyelipwa na klabu.