Kesi ya Ziwa Lililopotea

Mpwa wangu wa Nyamanoro alipompigia simu binamu yake wa Bukoba ili kumgawia mbegu ya dunia aliyoipata katika gemu ya Minecraft, yaani neno au namba ambayo gemu huitumia kuijenga dunia hiyo, hakuna aliyedhani kwamba kabla ya chakula cha usiku mama yangu angekuwa ameitisha kikao cha ukoo. Dunia hiyo ilikuwa na ziwa lenye mawe yaliyokaa kama Jiwe la Bismarck la hapa Mwanza, na mbegu yake ilikuwa jina la kijiji alikozaliwa bibi yao, ambalo silitaji kwa kuwa wenyewe hawajapatana vizuri. Wa Bukoba aliliandika, akaingia, akajikuta jangwani.

"Mwongo!" ilinguruma spika ya simu. Wa huku akaapa kwa marehemu babu kwamba amesimama ufukweni. Mama akataka kujua nani kaiba ziwa, nami nikaitwa kutoa ushahidi.

Nilieleza kwamba kompyuta hupewa namba ya kuanzia, kisha hukokotoa nyingine na nyingine zinazoonekana hazina mpangilio, lakini ukianza na namba ileile utapata mfuatano uleule, na kwa hiyo mlima uleule na bonde lilelile. Ndivyo David Braben na Ian Bell walivyoweza, mwaka 1984, kuingiza galaksi 8 zenye sayari 256 kila moja katika gemu ya Elite, kwenye kompyuta ya kumbukumbu ya kilobaiti 32: sayari hazikuhifadhiwa, zilikokotolewa upya zilipohitajika. Mama aliitikia kwa adabu ya mtu asiyejali sayari.

Neno nalo hugeuzwa namba herufi kwa herufi, na herufi kubwa haihesabiwi sawa na ndogo. Wa Bukoba, msikivu darasani, alianza jina la mahali kwa herufi kubwa; wetu, ambaye madaftari yake nimeyaona, hakujisumbua.

Herufi ikarekebishwa, ziwa likatokea. Shangwe haikudumu, maana wa Bukoba aliuliza liko wapi zizi la ng'ombe aliloahidiwa. Ilibidi niseme kwamba mbegu huleta ardhi kabla haijaguswa na mtu. Yaliyojengwa baadaye hukaa kwenye faili, na faili liko Nyamanoro. Mama, Msukuma wa damu, ndipo alipoketi wima. Ng'ombe walioahidiwa mbele ya watu ni deni, alisema, akaamuru faili litumwe usiku huohuo, na bando alipe mjomba.