Watoto 51,433 "wamepotea": kupotea kwenyewe ndo kupi?

Juzi baada ya magharibi, kijiweni huku Mikindani, Mtwara, tumebishana kuhusu namba hiyo mpaka kahawa ikapoa. Kuna kundi la waandishi wa nchi mbalimbali za Ulaya wanajiita Lost in Europe, kazi yao kufuatilia watoto wahamiaji waliofika kule peke yao, bila mzazi wala ndugu, alafu wakatoweka mikononi mwa serikali zilizowapokea. Mwaka 2021 walitoa hesabu ya watoto 18,292 kwa miaka mitatu, 2018 mpaka 2020. Mwaka 2024 wakaja na hesabu ya 2021 mpaka 2023, ikawa 51,433, yani kama watoto 47 kila siku ya Mungu.

Kaka mmoja anayefanya kazi bandarini akasema hizo namba za kuuzia habari tu. Mi sikukubaliana nae lakini hoja yake ina uzito, tusiibeze. Chukulia kijana wa miaka 16 katoka Afghanistan kawekwa kambini Austria na mjomba wake yuko Ujerumani, anaambiwa makaratasi ya kuunganishwa na ndugu yatachukua miezi na miezi, usiku anatoka anaenda zake kwa mjomba. Kule alikotoka anaandikwa amepotea. Akiandikishwa nchi nyingine alafu akaondoka na huko, anaweza kuhesabiwa tena. Kwahiyo ndani ya namba moja humo yupo aliyefika salama kwa ndugu, yupo aliyehesabiwa mara mbili, na yupo aliyeuzwa, na wewe msomaji huwezi kuwatofautisha.

Tena namba inaweza kumgeukia mtoto mwenyewe. Marekani, Agosti 2024, mkaguzi wa wizara yao ya usalama wa ndani alisema watoto zaidi ya 32,000 waliofika peke yao hawakutokea mahakamani kwenye kesi zao za uhamiaji, na wengine zaidi ya 291,000 walikua hawajapewa hata wito wa mahakama. Wanasiasa wakajumlisha zote mbili, wakaanza kutangaza majukwaani kwamba watoto laki tatu wamepotea! Wakati hao wa laki mbili na tisini ni ofisi ndo haikutoa karatasi, na watoto wengi wanaofika hivyo kule wanakabidhiwa kwa mama, baba au shangazi. Mtoto yupo ndani kwa mama yake anakula, huku nje anatangazwa kapotea, na tangazo hilohilo linakuja kuwa sababu ya maafisa wa uhamiaji kumgongea mlango.

Hapo nampa kaka haki yake. Lakini akasema tena "wameenda kwa wajomba zao hao, tuwaache", na hapo ndo tulipoachana njia.

Maana Machi 2019 waandishi haohao walitoa habari kwamba watoto wa Vietnam wasiopungua 60 walitoweka kwa miaka mitano kwenye vituo vya Uholanzi, tena vituo vya ulinzi maalum, vilivyowekwa kabisa kwa ajili ya watoto wanaohofiwa kuwindwa na wasafirishaji. Oktoba mwaka huohuo trela la friza likafunguliwa Essex, Uingereza, ndani yake watu 39 wa Vietnam, wote wamekufa. Wawili kati yao ikaja kubainika walikua vijana wadogo walioshapita kwenye kituo cha Uholanzi wakaondoka. Mjomba gani hapo?

Na Uingereza kwenyewe, Januari 2023, baada ya gazeti kuandika kuhusu hoteli ya Brighton waliyokua wanalazwa watoto hawa, waziri alisimama bungeni akakiri kwamba watoto 200 waliowekwa kwenye hoteli za serikali hawajulikani walipo. Julai mahakama kuu ikasema kuwaweka watoto hotelini kama utaratibu wa kawaida ni kinyume cha sheria. Bila yule mwandishi waziri angesimama kusema nini?

Kwahiyo mi niko upande wa waandishi, ila namtaka mwandishi asiishie kwenye namba. Hannah Dreier wa New York Times aliandika mwaka 2023 kwamba serikali ya Marekani ilishindwa kuwapata kwa simu watoto 85,000 kwa miaka miwili, angeweza kuishia hapo na habari ingeuza. Yeye akaenda kuwatafuta, akawakuta viwandani zamu za usiku wakipaki nafaka za chai ya asubuhi, asubuhi hiyohiyo wanatakiwa darasani. Mwaka uliofuata akapewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi kule Marekani. Pale kupotea kukapata maana, unajua mtoto yuko wapi na nani anafaidika na jasho lake.

Sasa turudi kwetu, maana tulikua tunaongelea Ulaya kama vile mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, haupo. Palma, mji wa kaskazini mwa Msumbiji, iliposhambuliwa na waasi Machi 2021 watu walivuka kuja huku, na mwaka huohuo shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likasema maelfu wamerudishwa Msumbiji kupitia kivuko cha Negomano. Najua Kitaya, kijiji cha upande wetu, ilishavamiwa Oktoba 2020, hofu ya serikali haikua ya kuzua. Lakini watoto waliovuka peke yao nani aliwaandika majina? Na mwandishi wa kuuliza atoke wapi, wakati mwandishi wetu Azory Gwanda aliyekua anaandika mauaji ya Kibiti, hapo njiani tu ukienda Dar, alichukuliwa Novemba 2017 na mpaka leo hajaonekana?

Mwaka ule wa Palma kulikua na dogo stendi, miaka kumi na moja hivi, anaongea Kimwani, lugha ya pwani ya kule Msumbiji, na Kiswahili cha kuungaunga, anauza korosho za kukaanga kwa kipimo cha kikombe cha kahawa. Ukimuuliza kwenu wapi anaonyesha kusini kwa kidevu. Siku moja hakuonekana, wengine wakasema kachukuliwa na mtu wa lori kwenda Tunduru, wengine kaenda Dar. Nilipomuuliza mama aliyekua anampa mzigo akafungua daftari lake la madeni akanionyesha mstari, jina hakuna, kaandika tu "dogo wa Palma, vikombe 6".