Tyubu ya Mwaka 1980

Fundi wa viraka wa kona yetu pale Ngamiani, Tanga, alipelekewa karatasi yenye muhuri wa duka la mjomba wangu. Ilimwambia kwamba anadaiwa tyubu moja na spoki sita tangu tarehe 1 Januari 1980, na kwamba amechelewa kulipa kwa siku zaidi ya 10,000. Hiyo ilikuwa Juni 2009, na fundi mwenyewe kazaliwa 1984. Hakukasirika. Mtu wa Tanga hakasiriki upesi akishapata kitu kizuri cha kusimulia barazani. Aliikunja karatasi yake, akaitia mfuko wa shati, akaenda nayo kwenye kahawa.

"Jamani, mwaka huo baba yangu hata posa hajapeleka. Hiyo tyubu niliichukua nikitokea wapi?"

Mpaka inaadhiniwa magharibi, karatasi ilishapita mikono yote ya Barabara ya 9. Mjomba akanipigia simu Dar. "Mpwa wangu, njoo. Kompyuta imenivunjia heshima."

Duka la mjomba ni la vipuri vya baiskeli, na Tanga kila mtu ana baiskeli: mwalimu, muuza samaki, shehe, hata mpinzani wako wa bao. Kwa hiyo kila mtu anakopa kwake. Kuna aliyekatika mnyororo akienda Chumbageni, kuna aliyevunja pedali akirudi Pongwe, na wote wana neno moja: "Mzee, niandikie." Mjomba alichoka kuandika. Ofisi moja mjini ilipobadilisha vifaa vyake, akanunua kompyuta yao kuukuu, Pentium ya miaka ya tisini, pamoja na printa ya utepe inayopiga kelele mpaka jirani anafunga dirisha. Kijana mmoja akamtilia programu ya madeni inayokwenda kwa DOS, ule mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta, akalipwa, akahamia Pemba. Tangu hapo mashine haikufunguliwa na mtu, ila mende.

Nilifika Jumamosi na mfuko wa machungwa ya Muheza niliyouziwa kupitia dirisha la basi. Nikamwamkia mjomba, nikanywa maji, nikaiwasha. Ikahesabu kumbukumbu yake taratibu, kisha ikaandika: Current date is Tue 01-01-1980. Chini yake ikaniomba tarehe mpya.

"Ndivyo inavyoamka siku zote," mjomba akasema. "Kila siku kwake ni Jumanne."

Ugonjwa ukajulikana hapo hapo. Kompyuta za aina ile zina saa ndani, na saa hiyo, pamoja na mipangilio yote ya mashine, hulindwa na betri ndogo ya kidonge umeme unapokuwa umezimwa. Betri ikifa, saa inasahau. Na DOS haijui siku yoyote kabla ya 1 Januari 1980. Kalenda yake inaanzia hapo, basi ikichanganyikiwa inarudi hapo hapo. Mjomba alikuwa akiiandikia tarehe kila asubuhi, hana tatizo. Ila mwezi Mei alikwenda msibani Pangani, akamwachia duka Dogo, kijana wake wa kazi. Mashine ikamuuliza Dogo tarehe. Dogo akabonyeza Enter.

"Iliuliza kwa Kizungu," Dogo akajitetea. "Nikaona ni salamu."

Wiki nzima ile, waliokopa wote walikopa Jumanne moja ya mwaka 1980.

Nikaomba bisibisi. Nilipofungua boksi, vumbi lilikuwa limeshikana mpaka unaweza kulinyanyua kwa vidole. Betri ilikuwa pembeni ya mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeandikwa CR2032. Nikampa Dogo akatafute nyingine kwa fundi saa wa sokoni, akarudi na CR2025, na nyuma yake fundi saa mwenyewe, kaja kutazama. Nikamweleza kwamba zote ni volti 3 na zote zina upana wa milimita 20, lakini hii yetu ina unene wa milimita 3.2 na yake 2.5, itacheza kwenye kikalio.

"Utie karatasi ya sigara chini," akanishauri.

Nikamwambia hapana. Akatoa CR2032 mfuko wa pili. Kumbe alikuwa nayo, alitaka kwanza iondoke ile iliyokaa sana. Akaipima ya zamani kwa mita yake. Haikufika hata volti moja.

Kufikia hapo benchi la nje lilikuwa limehamia ndani. Mzee wa kahawa alileta birika na kashata, akapata biashara kuliko siku ya Idi. Nikapachika betri, upande wa kujumlisha juu, nikawasha. Skrini giza. Mashine ikalia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, kwa sauti ya kupasua sikio. Watoto wa nyumba ya pili wakatoka mbio na sarafu mkononi wakidhani ni baiskeli ya koni.

"Umeiua," akasema fundi saa, kwa upole kabisa.

Mlio ule ni lugha. Mmoja mrefu na miwili mifupi, kwa BIOS ya aina ile, yaani programu ya ndani inayoiamsha mashine, maana yake kadi ya picha haijakaa. Dogo alikuwa ameipangusa kadi hiyo kwa moyo wote, kwa tambara la kupangusia mafuta ya mnyororo. Nikaikandamiza ikaingia. Nikawasha tena, picha ikaja, na maneno mawili ya kunitoa jasho: Keyboard error or no keyboard present. Chini yake: Press F1 to continue.

Shehe wa msikiti wa jirani, aliyekuja kwa habari ya tairi la mbele, akaniuliza inasemaje. Nikamfasiria: inasema haioni kibodi, halafu inataka tubonyeze kibodi ili tuendelee.

Shehe akatafakari, kikombe mkononi. "Huyo ni mtu unayembishia hodi akakujibu kwa ndani kwamba hayupo."

Waya wa kibodi ulikuwa umechomoka. Nikauchomeka, nikawasha upya, nikawahi kubonyeza Delete kabla haijapita, tukaingia kwenye mipangilio: skrini ya buluu, maandishi ya njano, na benchi zima kimya. Hapa ndipo penye kazi, maana betri ikitolewa huondoka na kila kitu. Mashine ilikuwa haijui hata kama ina diski. Upo ukurasa unaoitafuta yenyewe. Nikaufungua, ikaipata, diski ya gigabaiti moja na kidogo, kisha ikaweka mistari mitatu nichague namna ya kuisoma: NORMAL, LBA, LARGE. Nikageuka kumjibu mtu aliyeniuliza bei ya kompyuta Dar. Niliporudisha macho, mjomba alikuwa keshachagua.

"Nimeweka NORMAL," akasema. "Sisi watu wa kawaida, hayo makubwa ya nini?"

Sasa, hiyo NORMAL ni hesabu ya kizamani. Inahesabu silinda zisizozidi 1,024, vichwa 16 na sekta 63 kwa kila mzunguko, na ukizizidisha hupati zaidi ya megabaiti 504. Diski yetu ilipita hapo mara mbili na ushee, na iliandikwa kwa LBA tangu mwanzo. Tukawasha, DOS haikuja. Skrini nyeusi, kikasha kimoja kinapepesa. Mjomba akashika kichwa. Madeni yote ya mtaa yalikuwa mle ndani, na nilivyowatazama wale jamaa wa benchini niliona kuna waliokuwa wakiomba dua isiyofanana na yake.

Nikarudi, nikaweka LBA, nikahifadhi. DOS ikaja. Watu watatu wakashusha pumzi ya huzuni.

Nikaweka tarehe: 6 Juni 2009, Jumamosi. Nikazima, nikachomoa waya ukutani, tukanywa kahawa, nikawasha. Ikaamka Jumamosi. Mjomba akanikumbatia, akamwagiza Dogo sambusa. Laiti ningekula zile sambusa nikaondoka.

Lakini mjomba alitaka kuona printa ikifanya kazi. Tukachapa orodha nzima. Printa ikapiga makelele yake, karatasi ikashuka mpaka sakafuni, na mimi nikaanza kusoma. Fundi wa viraka: siku 10,749. Sawa, huyo tulimjua. Fundi saa, breki mbili, tarehe 12-03-2009: siku -180. Shehe, mnyororo, 12-03-2009: -180. Ukurasa mzima wa Machi, -180, -180, -180, mpaka chini.

"Mjomba, hii alama ya kutoa mbele ya namba hukuiona?"

"Kile kistari? Nilidhani pambo la printa."

Nikamuuliza kila asubuhi alikuwa akiandikaje tarehe. Akanionyesha kwa fahari: siku, mwezi, mwaka, kama Mwislamu na Mkristo yeyote. Nikamwonyesha kimstari kidogo alichokipita miaka yote: mm-dd-yy. DOS imetungwa Marekani, na kule mwezi unatangulia. Alipoandika tarehe pili mwezi wa tatu, mashine ilielewa Februari 3.

"Na ikifika tarehe 13?" nikauliza, maana hapo pangepaswa kumshtua. Miezi ni kumi na miwili.

"Ikifika 13 inakataa. Inaandika Invalid date. Nikajua haipendi tarehe kubwa." Akateremsha sauti. "Basi kuanzia hapo mpaka mwisho wa mwezi naiandikia 12. Inakubali bila maneno."

Nikakaa kwenye mfuko wa spoki. Kwa hiyo kila aliyekopa kuanzia katikati ya Machi, masika yanaanza na breki za mji mzima zinaisha, kompyuta ilimwandika kakopa tarehe 3 Desemba. Wa Aprili, 4 Desemba. Wa Mei, tarehe 5, isipokuwa wale wa Dogo, ambao walikuwa kwenye Jumanne yao.

Yote hayo niliyasema kwa sauti. Ningenong'ona, hadithi ingekwisha pale. Fundi saa alikuwa wa kwanza kuamka. Akatoa karatasi yake mfukoni, ile yenye muhuri, akaifuata kwa kidole.

"Namba ya kwanza ni mwezi?"

"Kwa mashine hii, ndiyo."

"Basi hizi breki bado sijakopa."

Mjomba akamwambia breki ziko kwenye baiskeli yako hapo nje, nazitazama. Fundi saa akasema hayo ya kutazama ni mengine, karatasi ina muhuri. Shehe akaulizwa hukumu. Akasema, uso mkavu, kwamba kudai deni kabla ya siku yake si uungwana, na kwamba yeye binafsi atausubiri mnyororo wake mpaka Desemba kwa subira njema. Wakacheka mpaka mzee wa kahawa akaweka birika chini. Kati ya wote aliyelipa siku ile ni fundi wa viraka peke yake. Alisema hataki kuingia kaburini na deni la zamani kuliko yeye.

Jioni nikamwekea mjomba mstari mmoja kwenye CONFIG.SYS, faili ambalo DOS hulisoma ikiamka: COUNTRY=044, ambao ni Uingereza, sawasawa na namba yao ya simu. Ya Tanzania haimo kwenye DOS. Baada ya hapo tarehe zikawa zinatangulia siku, kama anavyoandika yeye, na mimi nikarudi Dar.

Aliyonisimulia mjomba baadaye nayathibitisha, maana Dogo naye alinieleza vile vile. Alhamisi ya tarehe 3 Desemba 2009 alifungua duka mapema mno. Aliweka benchi nje, akaagiza birika mbili kwa fedha yake, akachapa orodha, akaipiga mihuri kurasa zote. Na kweli wakaja, kanzu na kofia, kama wamealikwa. Wakanywa kahawa, wakala kashata, wakauliza hali za watoto. Hakuna aliyetaja deni. Mwishowe mjomba akaigeuza skrini iwaelekee, akasema, "Haya, waungwana. Siku yenu imefika. Someni wenyewe."

Fundi saa akavaa miwani, akainama karibu. Skrini iliandika 03/12/2009.

"Tatu, kumi na mbili," akasoma. Akavua miwani. "Mzee, si ulitufundisha mwenyewe namba ya kwanza ni mwezi? Hii ni Machi 12." Akamgeukia shehe. "Sisi tumeshapita, au bado?"

"Bado," akasema shehe, akaomba kikombe cha pili.