Mwalimu binafsi wa mazoezi: anapofaa na anapogeuka kuwa gharama tu

Katika kumbi nyingi za mazoezi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, mteja mpya hutajiwa bei mbili: ada ya mwezi ya kutumia ukumbi na vifaa, na ada ya mwalimu binafsi, ambayo mara nyingi huizidi ile ya kwanza. Wanaoitetea ada ya pili husema kwamba bila mwalimu mtu hupoteza muda, huumia, au hukata tamaa kabla ya kuona mabadiliko yoyote. Wanaoipinga hujibu kwamba vijana wengi wamejifunza kunyanyua vyuma mitaani kwa kutazamana, na kwamba siku hizi kila zoezi lina video yake kwenye simu. Pande zote mbili zina hoja, lakini hubishana kana kwamba walimu wote ni sawa na wateja wote ni sawa, ilhali faida ya kusimamiwa hutegemea sana ni nani anayefundishwa, anafundishwa nini, na kwa muda gani.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la wiki 12 ambamo wanaume waliokwisha kuzoea vyuma kiasi walipewa programu moja ya mazoezi, kundi moja likisimamiwa ana kwa ana na jingine likijisimamia. Karatasini mazoezi yalikuwa yale yale, lakini waliosimamiwa waliongeza nguvu zaidi katika skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama ukiwa na chuma mabegani, na katika kusukuma chuma wakiwa wamelala kwenye benchi. Tofauti ilitokana kwa sehemu kubwa na kasi ya kuongeza uzito: aliyekuwa na msimamizi alipandishiwa mzigo alipokuwa tayari, na aliyekuwa peke yake alipandisha polepole zaidi. Hili linalingana na jambo lililoonekana katika tafiti nyingine, kwamba mtu anayeanza, akiachiwa kuchagua mwenyewe, huelekea kuchagua uzito mwepesi mno ukilinganisha na uwezo wake.

Anayedhani kwamba video inatosha na amtazame mtu anayejifunza skwati kwa mara ya kwanza. Anashuka, visigino vinanyanyuka sakafuni, magoti yanakaribiana, na mgongo wa chini unapinda anapofika mwisho. Yeye mwenyewe hajui lolote kati ya hayo, kwa kuwa akili yake yote iko kwenye kupanda tena. Mwalimu anayeijua kazi yake hamwelezi makosa yote matatu kwa pamoja. Humwondolea chuma, humwekea benchi nyuma yake, kisha humwambia akae taratibu na kusimama huku akisukuma magoti nje yafuate uelekeo wa vidole vya miguu. Visigino vikiendelea kunyanyuka, humwekea sahani nyembamba za chuma chini yake hadi vifundo vilegee. Baada ya vipindi vichache umbo la zoezi linakaa, na chuma hurudishwa kidogo kidogo. Video inaonyesha mwili wa mtu mwingine akifanya vizuri. Haiwezi kumwona anayeitazama. Hapo ndipo ninapoiona faida ya kweli ya mwalimu, hasa katika wiki za mwanzo, kwa sababu nguvu inayoongezeka katika kipindi hicho hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuitumia misuli iliyopo kuliko na misuli yenyewe kukua. Kinachojifunzwa vibaya wakati huo hubaki kuwa mazoea.

Kwa wenye maradhi, hoja inapata uzito zaidi. Utafiti uliofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia kwa miezi 12 wagonjwa 606 wa kisukari cha aina ya pili waliokuwa hawafanyi mazoezi. Wote walipewa ushauri, lakini nusu yao waliongezewa vipindi viwili kwa wiki chini ya wasimamizi. Waliosimamiwa walipata nafuu kubwa zaidi katika wastani wa sukari kwenye damu, shinikizo la damu na mzunguko wa kiuno. Ni haki kuongeza kwamba kundi hilo pia lilifanya mazoezi mengi zaidi, kwa hiyo matokeo hayatuambii ni kiasi gani kilitokana na jicho la msimamizi na kiasi gani kilitokana na mwili kutumika zaidi. Ila kwa mgonjwa tofauti hiyo ni ndogo: akiwa na mtu anayemngojea saa 12 asubuhi, atatoka nyumbani.

Upande wa pili una mambo mazito ambayo watetezi wa walimu binafsi huyapita haraka. Katika nchi nyingi jina la mwalimu wa mazoezi halilindwi kisheria kama linavyolindwa jina la daktari au mfamasia. Hata Marekani, ambako mashirika kama ACSM na NSCA hutoa vyeti vinavyoheshimika, cheti hicho si leseni ya serikali. Kwetu, mara nyingi sifa ya mwalimu ni kifua chake na mikono yake, na mteja hana njia nyepesi ya kujua kama mwili huo umejengwa kwa elimu, kwa maumbile, au kwa dawa. Mtu anaweza kuwa na mwili mzuri na asijue kwamba kuzuia pumzi wakati wa kunyanyua mzigo mzito hupandisha shinikizo la damu ghafla, jambo la hatari kwa mteja wa miaka 55 mwenye presha. Anaweza pia asijue kwamba anayetumia insulini huweza kuishiwa sukari katikati ya mazoezi.

Lipo kosa jingine, nalo hufanywa hata na walimu wenye nia njema: kumkamua mteja siku ya kwanza ili aone kwamba amelipia kitu. Maumivu ya misuli yanayofikia kilele siku ya pili au ya tatu ni ya kawaida, lakini mtu aliyekaa miaka bila mazoezi akirudishwa kwa nguvu kupita kiasi, misuli inaweza kuvunjika na kumwaga yaliyomo ndani yake kwenye damu. Mkojo hugeuka kahawia iliyokoza, na figo huweza kushindwa kufanya kazi. Anayeona dalili hiyo aende hospitali siku hiyo hiyo. Mwalimu anayejisifu kwamba wateja wake hushindwa kupanda ngazi kesho yake hajaifahamu kazi yake.

Kwa wanawake liko suala la staha, ambalo halistahili kupuuzwa. Kusahihisha zoezi mara nyingi huhitaji kugusa mgongo, nyonga au bega, na si kila mwalimu huomba ruhusa kwanza. Mwanamke wa Zanzibar au Lamu anayetaka mwalimu wa kike na saa za wanawake peke yao anaomba sharti la msingi la kuweza kufanya mazoezi kwa utulivu, na ukumbi usiomwekea sharti hilo umemfungia mlango, hata bei yake ikiwa nafuu.

Linalonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni namna malipo yanavyopangwa. Mwalimu hulipwa kwa kipindi au kwa mwezi, kwa hiyo kipato chake hutegemea mteja aendelee kumhitaji. Matokeo yake tunayaona ukumbini: mteja wa mwaka wa pili ambaye bado hajui uzito anaonyanyua, mwalimu akihesabu marudio kwa sauti huku jicho lake likiwa kwenye simu. Mteja wa namna hiyo akisafiri au akiishiwa fedha, mazoezi hukoma siku hiyo hiyo. Simlaumu mwalimu peke yake, kwani wateja wengi hulipia kusukumwa na hawaombi kufundishwa, na mwalimu naye ana kodi ya nyumba.

Kwa maoni yangu, basi, anayeanza na ana afya njema anufaike na mwalimu kwa mwezi mmoja au miwili, kisha amrudie mara moja moja kukaguliwa anapopandisha uzito au anapoingia zoezi jipya. Mwenye presha, kisukari, jeraha la zamani au umri mkubwa ana sababu nzuri ya kukaa naye muda mrefu zaidi, baada ya kumwona daktari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Sehemu ya kwanza mtu anaweza kuitimiza kwa kutembea haraka bila kumlipa yeyote, na fedha ya mwalimu ielekezwe kwenye hiyo ya pili. Katika kipindi cha kwanza mwalimu aulize kuhusu maradhi, dawa na majeraha kabla ya kugusa chuma chochote, na tangu wiki hiyo mteja aandike mwenyewe kwenye daftari jina la zoezi, uzito, seti (mizunguko ya zoezi) na marudio katika kila seti. Kwa daftari hilo ataweza kuendelea hata kwenye jimu ya uani yenye vyuma vya makopo yaliyojazwa saruji.