Kisu cha Mkono Mmoja na Suruali ya Pasaka

Kile kisu nilikinunua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwenye meza ya muuza spana na bisibisi za mitumba, kwa sababu ambayo sikumweleza mke wangu ipasavyo: kilikuwa na njia tatu za kufunguliwa kwa mkono mmoja, ilhali kisu changu cha zamani hakikuwa na hata moja. Cha zamani kilikuwa cha aina ile yenye mfereji mdogo ubavuni mwa bapa, ambapo unatia ukucha na kulivuta bapa huku mkono wa pili umeshika mpini, kama vilivyo visu vya Uswisi tangu Karl Elsener alipotoa kile cha maofisa mwaka 1897. Watu wamemenya machungwa kwa visu vya namna hiyo kwa zaidi ya karne moja na hakuna aliyelalamika. Mimi nililalamika.

Njia ya kwanza ilikuwa tundu la mviringo kwenye bapa lenyewe, karibu na mpini, ambamo nyama ya kidole gumba huzama kidogo na kulisukuma bapa hadi litoke lote. Ni wazo la Sal Glesser wa Spyderco, kampuni ya Marekani iliyotoa kisu cha kwanza cha namna hiyo mwaka 1981, na mpaka leo sijaona lililo rahisi kuliko hilo, kwa kuwa tundu halivunjiki wala halipotei. Njia ya pili ilikuwa pembe ndogo ya chuma inayochomoza mgongoni mwa mpini kisu kikiwa kimefungwa. Ukiivuta kwa kidole cha shahada, bapa hung'ang'ania kwanza, kwa sababu kuna kigololi kidogo kinachokaa ndani ya kishimo chake ili kisu kisijifungue mfukoni, kisha kigololi kikiachia, bapa huruka na kulia "tak!" Hiyo "tak" ndiyo niliyoilipia, nikisema kweli.

Njia ya tatu ilikuwa ndoano. Juu ya mgongo wa bapa palikuwa na kijino kilichopinda, mfano wa wimbi dogo, kilichobuniwa na Mmarekani Ernest Emerson. Kisu hukaa mfukoni wima, ncha ikitazama juu, kikiwa kimebanwa na klipu, na mgongo wa bapa ukigusa ukingo wa nyuma wa mfuko. Unapokichomoa huku ukikivuta kuelekea nyuma, kijino hunasa kwenye ukingo huo, bapa hubaki limenaswa wakati mpini unaendelea kutoka, na kisu hutoka mfukoni kikiwa tayari kimefunguka. Changu kilikuwa nakala isiyo na jina wala nchi, lakini ndoano yake ilikuwa hai kabisa.

Mke wangu alidhani nimenunua kisu cha springi, kile cha kubonyeza kitufe ambacho Marekani ilikitungia sheria mwaka 1958. Nilimweleza kwa nusu saa, ugali ukipoa mezani, kwamba hiki hakina springi ya kukifungua, kwamba nguvu yote ni ya mkono wa mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni lini mimi nimewahi kuwa na mkono mmoja.

Nilifanya mazoezi sebuleni kwa wiki mbili. Ninapaswa kutaja hapa, kwa kuwa ndiko balaa lilikotoka, kwamba mazoezi yote niliyafanya nikiwa nimevaa suruali ya jinsi. Mfuko wa jinsi umekunjwa na kushonwa mara mbili kwa uzi mnene, kwa hiyo ndoano hunasa, huvuta, na huachia. Nilifikia kiwango cha kuchomoa kisu bila kutazama, nikaanza kujiona mtu wa maana.

Jumapili ya Pasaka tulikwenda ukweni, Rungwe. Nilivaa suruali mpya ya kitambaa chepesi, rangi ya maziwa, iliyoshonwa maalumu kwa sikukuu, na kisu nikakibana mfukoni upande wa kulia, klipu ikionekana. Tulibeba zawadi ya beberu, aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani na kulazwa nyuma ya gari tuliloazima, akalalamika kutoka Uyole, akalalamika mlima wote wa Isyonje, na tulipoanza kuteremkia Kiwira ukungu ukiwa umetanda akanyamaza, nadhani kwa baridi. Tukuyu, mji wa huko Rungwe, hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nina hakika sehemu kubwa ya hiyo ya mwaka ule ilikuwa imenyesha uani kwa baba mkwe usiku wa kuamkia siku hiyo.

Tulimshusha beberu akiwa bado amefungwa miguu. Mimi nilishika kamba ya shingoni kwa mkono wa kushoto. Baba mkwe, mzee wa maneno machache, alisimama barazani na fimbo yake, akasema, "Mwanangu, mfungulieni miguu, amechoka."

Nafasi ya namna hiyo haiji mara mbili. Mkono mmoja umeshika mbuzi, kamba inahitaji kukatwa, na mkwe anatazama! Nilisema, "Sawa, Baba," nikapeleka mkono mfukoni, nikachomoa kwa mwendo ule ule wa sebuleni, kwa nguvu ile ile ya jinsi.

Ndoano ilinasa. Kisu kilifunguka vizuri sana, sijawahi kukifungua vizuri namna ile. Ila ukingo wa mfuko haukuwa tayari kuachia, na mshono wa pembeni, ambao fundi aliushona kwa mstari mmoja tu wa uzi mwembamba, ulifumuka kuanzia kiunoni hadi chini ya goti, ukitoa sauti ndefu kuliko "tak" yoyote niliyopata kuisikia. Paja langu la kulia lilipata hewa ya Rungwe.

Wakati huohuo shemeji yangu, kijana wa kidato cha pili, alikwisha kuchuchumaa. Alivuta ncha moja ya kamba kwa vidole viwili na fundo likaachia. Halikuhitaji kisu, lilikuwa fundo la kitanzi, nililifunga mimi mwenyewe asubuhi. Beberu akasimama. Mimi nilikuwa na mikono miwili na mambo matatu ya kushika, yaani kisu, kamba na suruali, na sitaona aibu kusema kwamba mkono wa kushoto uliiacha kamba bila kuniuliza. Beberu alipita katikati ya migomba, akaruka mfereji, akaingia kwenye maharage ya jirani.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kufungua kwa mkono mmoja kila mtu atakuonyesha. Kufunga kwa mkono mmoja ni elimu nyingine. Kisu changu kilikuwa na kufuli la bati, mtindo ulioboreshwa na Mmarekani Michael Walker miaka ya 1980 mwanzoni: ndani ya mpini kuna bati jembamba lililopindishwa, ambalo bapa likifunguka hujisukuma na kukaa nyuma ya kitako chake ili lisirudi kukukata vidole. Ili kulifunga, unalisogeza bati kando kwa gumba, unaanza kulirudisha bapa, unaliondoa gumba njiani, kisha unamalizia. Sebuleni nilikuwa namalizia kwa kuusukuma mgongo wa bapa dhidi ya paja, na paja hilo daima lilikuwa ndani ya jinsi. Sasa lilikuwa wazi, limesimama vinyweleo kwa baridi, na chuma kile kilikuwa baridi zaidi. Nilijaribu mara moja. Kijino kikanigusa ngozi, nikaruka, mkono wa kushoto ukateleza, na upande wa suruali ukashuka.

Kana kwamba hilo halitoshi, wazee watatu wa kanisa waliokuwa wakitoka ibadani wakaingia uani. "Mugonile," wakasalimu kwa Kinyakyusa, na wa kwanza akaninyoshea mkono. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na kisu wazi. Wa kushoto ulikuwa umekamata mustakabali wangu katika ukoo ule. Niliinama kwa heshima, nikainama zaidi, nikabaki nimeinama, na mzee akaurudisha mkono wake taratibu, kama mtu anayeuondoa mbele ya mbwa asiyemfahamu.

Baba mkwe alishuka barazani. Alinyosha kiganja, nami nikakigeuza kisu na kumpa kwa upande wa mpini. Alikichunguza muda mrefu, akapitisha gumba juu ya ndoano.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya kukifungulia kwa mkono mmoja, Baba."

"Na mkono wa pili unafanya nini?"

Nilitazama chini. "Unashika suruali, Baba."

Wazee wa kanisa ndio waliocheka kwanza, kisha mke wangu, ambaye ilibidi aegemee gari. Mama mkwe, ambaye kwa heshima hakutoka nje muda wote huo, alimtuma mtoto aniletee kitenge. Nilikula chakula cha Pasaka, ndizi na nyama ya kuku, nikiwa nimejifunga kitenge chenye picha za kanga wakubwa, kwa kuwa nyama ya mbuzi ilikuwa bado inatafuna maharage ya jirani na haikukamatwa hadi saa kumi.

Tulipoaga jioni, kisu hakikurudishwa, nami sikukidai. Tulirudi huko mwezi wa saba, msimu wa baridi kali, nikamkuta mzee barazani akimenya viazi kwa kisu kile kile. Alikuwa amekiviringishia kamba ya mpira kwenye mpini, ndoano ameisaga kwa jiwe hadi ikawa tambarare. Aliponiona alikifunga, akakaa sawa, kisha akakifungua upya mbele yangu polepole, kwa mikono yote miwili, akinitazama usoni.