Mwenyekiti wa Gitaa Kavu

Kabla ya Jumamosi ile, watu wa Kisumu walionifahamu walinifahamu kwa mambo mawili: kwamba ninafundisha hisabati, na kwamba mimi ni mwenyekiti wa mashabiki wa mwimbaji mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa sababu bado ninamdai radhi, au yeye ndiye anayenidai, jambo ambalo hatujalimaliza.

Mwimbaji huyu hutunga nyimbo zake mwenyewe na huzipiga kwa gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, kwa vidole viwili tu, kidole gumba kikishughulikia besi na cha shahada kikitembea na sauti ya juu, kama walivyopiga wazee wa omutibo, mtindo wa gitaa wa kule Kakamega. Kando yake huketi kijana anayegonga chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma, na hiyo ndiyo bendi yote. Chupa hiyo ilitosha katika enzi za George Mukabi, bingwa wa mtindo huo aliyefariki mwaka 1963, nami nilikuwa na hakika kwamba ingeendelea kutosha mpaka kiama.

Basi bango lilipotoka likisema kwamba angetumbuiza katika bustani ya hoteli moja kando ya ziwa "pamoja na bendi kamili", simu yangu haikupumzika. Katibu wetu alisema chakula cha mchana kimemkataa. Kijana mmoja wa Kondele alitangaza kwamba amezifuta nyimbo zote za msanii huyo katika simu yake, ingawa jioni tulimsikia akizisikiliza. Mama mmoja, muuza omena katika soko la Kibuye na mwanachama asiyechelewa kulipa ada, aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: ikiwa hii ndiyo bendi kamili, ile tuliyoilipia miaka yote ilikuwa nini, nusu?

Niliitisha kikao. Mwalimu akishika chaki hasemi maneno mawili, kwa hiyo niliwahutubia kwa muda wa saa nzima juu ya yaliyompata Bob Dylan. Niliwaeleza kwamba tarehe 25 Julai 1965, katika tamasha la Newport kule Marekani, kijana huyo wa miaka 24 aliyependwa kwa gitaa kavu na kinanda cha mdomo alipanda jukwaani na gitaa la umeme na bendi nyuma yake, na sehemu ya umati ikamzomea. Mpaka leo watu wanabishana kama walizomea umeme wenyewe, au sauti mbovu ya spika, au ufupi wa onyesho, maana alipiga nyimbo 3 tu na bendi kabla ya kushuka, kisha akarudishwa na gitaa kavu awatulize. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei, katika ukumbi mmoja mjini Manchester, shabiki mmoja alimpigia kelele akimwita Yuda. Mama wa omena aliguna kwa kuridhika na kuniomba nilirudie jina hilo. Nilimalizia na Pete Seeger, mzee wa nyimbo za asili, ambaye alieleza baadaye kwamba sauti ya Newport ilikuwa imevurugika hata maneno hayasikiki, na kwamba lau angekuwa na shoka angeukata waya.

"Shoka," Katibu alisema polepole, akiandika neno hilo katika daftari la kumbukumbu za kikao. Nawaomba wasomaji wasilisahau daftari hilo.

Aliyenipinga alikuwa mtu mmoja tu, mzee wa miaka mingi ambaye huja vikaoni kwa ajili ya chai. Aliniuliza kama nimewahi kumtazama mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo. Nilisema ndiyo, Jaduong'. "Ana nyuzi nane mikononi," alisema, "ana pete ya chuma kwenye kidole cha mguu anayoigongea nyatiti, ana njuga mguuni, na bado anaimba na kumsifu anayetoa pesa. Huyo ni mtu mmoja au watu wanne? Na vijana wa muziki wa benga walipozihamishia nyuzi hizo kwenye magitaa ya umeme, wewe mwanangu hukuzicheza?" Nilimshukuru kwa mchango wake, kama wenyeviti wafanyavyo wanapokusudia kutozingatia jambo, kisha tukapitisha azimio. Ngoma ya kwanza ikilia, sote 18 tungesimama na kutoka bustanini kwa mstari mmoja, kimya kimya, mimi nikitangulia kwa kuwa ndiye mrefu.

Siku ilipofika, mwimbaji alianza peke yake na chupa yake, nasi tukapiga makofi kwa nguvu isiyo ya kawaida ili apate ujumbe. Baada ya wimbo wa pili walipanda watu wa dramu, wa besi, wa kinanda na wa saksafoni. Mpiga dramu alikuwa na mikono minene kama ya mvuvi avutaye nyavu, na pigo lake la kwanza liliitikisa soda mezani kwangu. Nilisimama. Nikafunga kifungo cha koti, nikainua kidevu, nikaanza kutembea.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutokagua ramani ya bustani, kwani njia pekee ya kutokea ilipita mbele ya jukwaa. La pili ni kwamba niligeuka kuhesabu mstari wangu nikiwa nimeshafika katikati ya njia hiyo, na hapakuwa na mstari. Katibu alikuwa amefumba macho, mabega yakimpanda na kumshuka kama mtu aliyepagawa na pepo mwema. Kijana wa Kondele alikuwa juu ya kiti. Mama wa omena alikuwa amekwisha kujifunga leso kiunoni, na leso ya mama yule ikifika kiunoni hakuna azimio linaloweza kuifungua. Hata mwenye chupa ya Fanta, ambaye nilikuwa nimemwandalia maneno ya rambirambi, alikuwa amewekewa maikrofoni yake mwenyewe na alikuwa akiigonga chupa kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

"Tazameni!" mshereheshaji alipaza sauti. "Mwenyekiti wa mashabiki mwenyewe ametufungulia dansi!"

Bustani nzima ilishangilia. Nilipunga mikono yote miwili kukanusha, na mikono inayopungwa wakati besi inanguruma haikanushi chochote; mshereheshaji alisema nina mtindo wangu. Nikarudi nyuma hatua moja, ya pili, na katika hatua ya tatu mguu wangu wa kushoto ukaingia ndani ya kitanzi cha waya wa ekstensheni. Nilijaribu kuutoa kwa heshima. Nilipoona heshima haisaidii niliuvuta, na papo hapo pakatokea cheche nyuma ya spika, kisha kimya.

Taa zilikuwa kwenye laini nyingine, kwa hiyo kila mtu aliniona vizuri. Besi ilikuwa imekufa, kinanda kimekufa, maikrofoni zimekufa, na mpiga dramu alikuwa ameganda na fimbo zake hewani. Kilichobaki ni gitaa kavu na chupa, tiki-tiki-ti, tiki-tiki-ti, vikisikika mpaka kando ya maji. Kwa muda wa sekunde kumi hivi nilipata kila nilichokitaka duniani, na hata nikainua mkono kidogo kuwasalimu wenzangu.

Walizomea. Sijawahi kuzomewa na umma, hata siku niliyowapa Kidato cha Tatu mtihani wa logarithimu bila kuwatangazia, na naweza kuthibitisha kwamba uzomeaji huanzia nyuma na kuja mbele kama mvua ya ziwani. Katikati ya kelele hizo sauti moja ya kike, iliyozoea kuita wateja kutoka upande wa pili wa soko, ilipenya: "Yuda!" Nilimtambua mara moja. Nilikuwa nimemfundisha neno hilo mimi mwenyewe, tena mara mbili.

Walinzi waliponiuliza kama nilikuwa nimekusudia, nilisema hapana. Ndipo Katibu, kwa uaminifu ambao nimekuwa nikiusifu kila mkutano mkuu, akatoa daftari na kuwasomea: "Mwenyekiti aliongea kwa kirefu kuhusu shoka na kukata waya." Sikuwa na shoka, walinikagua, lakini nilikuwa na waya mguuni.

Aliyeniokoa ni fundi wa sauti, kijana mwembamba asiye na muda wa kesi. Aligundua kwamba nilipovuta nilikuwa nimeilegeza soketi, hata plagi ikiingizwa haikai mpaka isukumwe na kushikiliwa hapo hapo. Vijana wake wote walikuwa na kazi. Alinitazama kwa makini, akanivua viatu vyangu vya ngozi, akanivalisha ndara za mpira kwa ajili ya usalama, kisha akanichuchumaza nyuma ya spika kubwa, mkono ukiibana ile plagi. "Mwenyekiti," alisema, "bendi yote iko mkononi mwako. Usitikisike."

Sauti ilirudi, na umati ukapiga kelele ambazo wale wa Newport hawakuzipiga. Nilikaa pale kwa muda wa saa moja na dakika 40, nikiubana umeme niliokuwa nimeupinga kwa azimio. Tatizo ni kwamba kule nyuma ya spika besi haisikilizwi kwa masikio. Inaingilia kwenye magoti. Katika wimbo wa nne sauti ilikatika ghafla, fundi akaja mbio, akaichunguza soketi, akauchunguza waya, halafu akazichunguza ndara.

"Mzee," aliniambia kwa upole, "ama ushike plagi, ama ucheze."

Nilimwahidi kwamba ningeshika. Katika wimbo wa mwisho umeme ulikatika mara tatu, na mara zote tatu fundi hakuhangaika tena kuitazama soketi.