Nimemaliza mitihani ya nadharia ya urubani huku Uhispania, ila anga la kwetu ndo limenifundisha zaidi

Jamani nimemaliza. Masomo yote 13 ya nadharia ya ATPL, leseni ya juu ya rubani wa ndege za abiria, nimepasi, nikampigia Mama kule Moshi akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Sasa tangu habari ifike kwenye grupu la ukoo wadogo zangu wananiuliza swali moja tu, kaka hao Wazungu wana akili gani ambayo sisi hatuna? Nataka nilijibu vizuri maana linawakatisha watu tamaa bure.

Akili ni zile zile. Wanachotuzidi ni mpangilio. Hapa Jerez siku ya kwanza tu unajua sheria zote, kila pepa ni 75% kwenda juu, ukishaanza mtihani wa kwanza una miezi 18 kumaliza yote, na pepa moja ukiifeli mara nne unarudia mitihani yote upya. Hakuna wa kumbembeleza. Nyumbani kuna vijana vichwa kwelikweli lakini kitabu kinazunguka darasa zima na hakuna wa kuwaambia waanzie wapi.

Ila kuna kitu huku sikipendi. Watu wanakariri benki za maswali, maelfu ya maswali, mtu anapata 90 afu ukimuuliza kwa nini jibu ni hilo anakodoa macho. Sisi tuliozoea diskasheni za usiku shuleni, mmoja anashika chaki anaelekeza wenzake, hapo tumewazidi na wala tusijidharau.

Chukua hali ya hewa. Kuna ITCZ, ule ukanda ambao pepo za kaskazini na za kusini zinakutana, wenzangu walikuwa wanakariri mwezi gani uko wapi, mimi nimekulia Kiborloni, ukanda huo ukipita ndo masika na vuli zetu. Mlima Kilimanjaro asubuhi uko wazi kabisa, kufika mchana umejifunika, ni hewa yenye unyevu inapanda mteremko, inapoa, inageuka wingu. Bibi yangu hajawahi kuingia darasa la hali ya hewa lakini saa ya kuanua kahawa anaijua.

Na uwanja wa Arusha pale Kisongo ndo usiseme. Uko futi 4,550 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa vipimo vya kawaida hewa ya urefu huo inatakiwa iwe nyuzi kama 6 tu, sasa mchana zikifika 26 umezidi nyuzi 20, na kila nyuzi moja ni kama futi 120 za kuongeza, kwa hiyo ndege inajiona iko karibu futi 7,000! Hewa nyepesi, injini inapungua nguvu, inakimbia sana kabla ya kunyanyuka na kupanda inapanda taratibu. Jerez tuko karibu usawa wa bahari, hata joto la nyuzi 35 ni futi kama 2,500 tu. Kwa hiyo rubani anayepeleka Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, kule Seronera mbugani Serengeti kila siku na mizigo na watalii namheshimu mno, anachofanya yeye kila asubuhi huku ni swali la mtihani.

Kwa hiyo wadogo zangu, fizikia na hesabu za Kibosho ndo hizi hizi za Ulaya. Kabla mzazi hajauza shamba kwa ajili ya ada nendeni kwanza mkapime afya ya daraja la kwanza, kile kipimo cha marubani wa kazi, maana ukikwama hapo hela yote imeenda. Taarifa za hali ya hewa za KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ziko wazi mtandaoni, zisomeni kila siku afu toka nje uangalie kama zinafanana na unachokiona.

Krismasi nitakuwepo Moshi Mungu akipenda. Mwenye kijana anayeitaka hii kazi amlete nyumbani kwa Mama na daftari na kalkuleta, tutaanza na hesabu za Kisongo.